Kipimo cha Kichwa cha Anuar

Doha, 26 Januari 2025

Shangazi yangu Bi Thuwaiba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni na sindano yako mkononi, goti limetulia na paka hajaiba kitu. Mimi nimefika salama, nakula na nalala, kwa hivyo usianze kuniombolezea. Nisalimie wote wa uani, na Bi Mwatum pia, kama mmeshapatana.

Ulinikataza nisikupigie kwenye simu yake hata nikiwa nakata roho, nami nimetii. Lakini ujue kwamba mimi ndiye mtu pekee katika bweni zima anayeandika barua. Wenzangu wananitazama wakidhani naandika wasia.

Kazi ni ile niliyokwambia, kupeleka chakula majumbani kwa pikipiki. Sikuwaza kwamba shahada ya chuo kikuu cha Tunguu ingenifikisha kwenye kubisha milango na mfuko wa wali, lakini hilo tuliache. Nina shida moja ndogo. Helmeti tulizopewa ni za muda, zilivaliwa na waliotutangulia. Yangu inanuka jasho la mtu nisiyemjua. Msimamizi anaagiza mpya kwa pamoja, na kila mtu anatakiwa ataje kipimo cha kichwa chake, maana helmeti isiyokukaa vizuri, anasema, ukianguka inakutangulia chini.

Basi siku ile walipimana palepale ukumbini. Wanepali kwa Wanepali, Wabangladeshi kwa Wabangladeshi, mmoja anazungusha utepe, mwengine anachekwa kwa ukubwa wa kichwa. Mimi nilibaki nimesimama. Hakuna aliyenikataa, Shangazi, ila kila mtu alikuwa na mwenzake. Baadaye nikaenda chooni kujipima mbele ya kioo. Mara ya kwanza nikapata kipimo kimoja, mara ya pili chengine, mara ya tatu utepe ukateleza ukaniingia jichoni. Nikamwambia msimamizi kipimo changu kipo nyumbani, nitakiagiza.

Si una uzi wa kipimo cha kichwa cha kila mtu uliyemshonea kofia? Nalikumbuka lile kopo la biskuti unamoziweka, kila uzi na kikaratasi cha jina. Nitumie uzi wangu, tafadhali.

Mwanao,
Anuar

Jang'ombe, 22 Februari 2025

Mwanangu Anuar,

Marahaba, na marahaba nyengine kwa siku zote ambazo hukuniamkia. Mimi mzima. Goti linauma wakati wa baridi tu, na baridi hapa unaijua. Paka kazaa ndani ya kabati lako. Baba yako alikuja kutoka Tumbatu na samaki wa kukaanga, akakaa kidogo, akaondoka bila kuuliza uko nchi gani. Nimekula samaki.

Na Mwatum hatujapatana, wala usinitajie. Unajua alichofanya? Alimwambia mwenye duka la kofia pale Darajani, mbele ya wateja, kwamba viua ninavyotarizi kwenye kofia siku hizi vinakwenda upogo. Mwatum, ambaye mimi ndiye niliyemshikisha sindano mara ya kwanza. Tunachangia ukuta mmoja, namsikia anavyokohoa, na simsemeshi.

Uzi wako huo, nimeuviringisha kwenye karatasi. Mwanzo ni pale penye fundo, na mwisho ni pale ulipokatwa. Lakini sikiliza. Kofia yangu inakaa juu ya masikio, na hiyo yako itashuka hadi kwenye nyusi, basi ongeza upana wa kidole. Chagua inayofunika mpaka kidevu. Usichague kwa rangi kama ulivyochagua ile suti ya mahafali.

Ukiandika tena tumia kalamu nzito na herufi kubwa. Wino wa huko umepauka, barua yako imenichukua asubuhi mbili.

Mkataba wako ni wa muda gani? Uliniambia mwaka. Sumaiya, yule jirani yetu anayefanya kazi hotelini huko, alimwambia mama yake kwamba wao ni miaka miwili. Nijibu hili.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Napika uji kwa mazoea, unatosha watu wawili, na kesho yake nawamwagia kuku.

Shangazi yako,
Thuwaiba

Doha, 9 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Ramadhani na Idd zimepita nikiwa barabarani. Hapa watu wakifuturu ndipo sisi tunapokimbia, na swala ya Idd niliisali katika uwanja wenye maelfu ya watu, kisha kila mtu akamkumbatia aliyemjua. Nikakunja mswala wangu nikaenda kulala.

Uzi ulifika na helmeti imefika. Ni nyeupe, kwa ajili ya jua, na inafunika mpaka kidevu kama ulivyosema. Wenzangu wengi wamechukua za wazi kwa sababu ya joto. Msimamizi alipoona kipimo changu aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia aliyenipima amepima vichwa vya nusu ya mji.

Inacheza kidogo. Nadhani nimezidisha kile kidole chako. Lakini nimepata dawa yake: ndani navaa kofia yako ya viua, ile ya mahafali, na inakaa vizuri. Nikifunga kioo sisikii barabara, nasikia harufu ya wanga ulioitia kofia. Usicheke.

Nimekuwekea picha. Nimesimama mbele ya bweni, na helmeti nimeipandisha juu ya pikipiki uione nzima.

Herufi nimezikuza.

Anuar

Jang'ombe, 15 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mvua zimekwisha, paa limevuja palepale panapovuja kila mwaka. Idd ya kuchinja nililetewa nyama na watu watatu, na mtu mmoja ale nini na nini. Nyengine niliitundika kwenye komeo la Mwatum alfajiri, asijue imetoka wapi.

Picha nimeipata. Mashaallah, umenawiri, uso umejaa. Na huyo uliyesimama naye, mwenye kofia nyeupe, anaonekana mtu wa heshima. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Nilikuwa nikijiuliza kila siku kama kuna mtu karibu yako. Jina lake nani? Mpe salamu zangu.

Kuhusu mkataba hukunijibu. Nimeona.

Sishoni sana siku hizi. Nimejipa mapumziko, si nimezeeka? Duka la Darajani litangoja.

Thuwaiba

Doha, 20 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Sumaiya, yuko likizo. Mpe chai. Ndani ya mfuko umo kofia yangu ya viua. Nimeifua mwenyewe lakini hapa hakuna mtu ajuaye kutia wanga, imelegea. Naomba uitie unirudishie naye akija.

Mimi sijambo. Jua ni kali mno, tumepumzishwa mchana, kwa hivyo nalala sana.

Umeniuliza jina la yule kwenye picha. Nitakwambia siku nyengine.

Anuar

Jang'ombe, 14 Agosti 2025

Anuar,

Salamu utazipata mwisho wa barua, kama zitabaki.

Sumaiya kaja, nimempa chai, kanipa mfuko. Nikakoroga wanga, nikaichovya kofia, nikaivalisha bakuli na kuanza kuinyoosha kwa vidole kama ninavyofanya siku zote. Upande wa kushoto, juu ya sikio, vidole vikasimama. Viua vimekatika. Na pale pembeni kitambaa kimekakamaa, na si kwa wanga, maana wanga ulikuwa bado majimaji. Kila kofia niliyoishona naijua kwa vidole, na hii nilikushonea miezi minane. Hapakuwa na tundu.

Nikamwita Sumaiya arudi. Nikamwuliza, "Anuar kaanguka?"

Akasema chai ilikuwa tamu.

"Mwanangu, mie nshazika mume na ndugu. Nambie tu."

Ndipo akanieleza. Mchanga kwenye mzunguko wa barabara, pikipiki ikateleza, helmeti ikazunguka kichwani ikakufunika macho, kisha ikachomoka kabla hujafika chini. Umeshonwa juu ya sikio. Ulilazwa. Na hukuwa na mtu wa kukuletea hata nguo safi, mpaka Sumaiya alipopata habari kwa watu akaja na uji wa hotelini. Wewe ukamwapisha asiniambie. Mimi nakaa hapa naandika habari za paka, na wewe umelala kitandani umefungwa kitambaa.

Nilipomaliza kulia nikaanza kufikiri. Helmeti ilichomokaje? Na kofia ilipata wapi nafasi ndani yake? Helmeti iliyokukaa haina nafasi ya kofia yangu yenye wanga. Nikamwambia Sumaiya alete kopo la biskuti, anisomee vile vikaratasi vya majina, kimoja baada ya chengine. Uzi wako umo, Anuar. Haukuondoka humu. Usiokuwamo ni wa Ubwa.

Wewe Mzee Ubwa, marehemu mume wangu, humkumbuki vizuri, alifariki ukiwa mdogo. Alikuwa mchukuzi bandarini Malindi, na kichwa chake wenzake walikuwa wakikitania kwamba kinabeba gunia bila ya kata ya kitambaa chini yake. Kofia yake nilikuwa naongeza kitambaa. Nimekutuma barabarani na kichwa cha marehemu.

Basi sasa nawe unajua. Sioni. Sijambo kidogo jua likiwa kali mlangoni, barua naisoma kipande kipande kwa lenzi, lakini vile vikaratasi vya majina sikuvisoma, nilibahatisha. Barua hii naandika nimeweka rula chini ya mstari nisipande juu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hutolewa. Ila nisiende peke yangu. Lazima nije na mtu wa kunishika mkono kurudi, na wa kunitia dawa ya matone siku za mwanzo. Akaniuliza nina nani. Nikamwambia mtu wangu amesafiri, akirudi nitakuja. Hiyo ilikuwa Februari.

Sikukwambia kwa sababu ungerudi. Na ungerudi kuja kukaa barazani na shahada yako, unahesabu nyufa za ukuta kama mwaka jana, nami nisingeweza kuyatazama hayo, hata kwa macho mabovu.

Sasa nakwambia jambo moja. Uzi wako sikuletei. Hupandi tena pikipiki mpaka mtu akupime kichwa. Si wewe na kioo cha chooni. Mtu, mwenye mikono miwili. Katika bweni zima hukosi mmoja. Yule wa kwenye picha, kwa mfano.

Na wewe salamu zako hizi hapa: nakupenda, na nimekasirika.

Thuwaiba

Doha, 9 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ngazini, kisha nikaisoma tena.

Nianze na kichwa. Nimepona, nywele zimeota isipokuwa kwenye kovu. Na mkataba ni wa miaka miwili. Nilitia saini nikijua, na nilikwambia mwaka kwa sababu nilikuona unafunga mzigo wangu, unaufungua, unaufunga tena.

Kumwomba mtu anipime kumenichukua siku nyingi kuliko nitakavyokubali. Utaona ni upuuzi. Lakini tangu nilipoondoka Unguja hakuna aliyenigusa, ila wauguzi, na wao walivaa glavu. Watu hapa si wabaya. Tunarudi usiku tumechoka, kila mtu anageukia ukuta na simu yake, na anacheka na watu wa kwao. Mimi nimekuwa nikikaa chumbani na watu watano kama niko peke yangu, na nilishazoea, nikadhani ndiyo safari yenyewe ilivyo. Nina upweke, Shangazi. Nimelificha neno hilo tangu Januari.

Anayelala kitanda cha juu yangu ni Mbangladeshi, jina lake Rafiqul. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Ijumaa alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Nikaenda na utepe mkononi, nikaonyesha kichwa changu, nikasema kwa Kiarabu cha chuoni, "Tafadhali." Akaniangalia, akaliona kovu, akazima jiko. Akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Akauzungusha utepe, ukateleza, akaurudisha. Akaniinamisha kichwa mbele kwa mkono mmoja, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kabla ya Idd. Vidole vyake vilinuka vitunguu. Akapima mara ya pili ili ahakikishe, na hapo nikaanza kulia, mtu mzima mimi, juu ya ndoo. Rafiqul akanishika mkono. Alikiandika kipimo kwenye kiganja changu kwa kalamu, akawasha jiko, akaendelea na vitunguu vyake. Kisha akapakua sahani mbili.

Helmeti mpya nimeinunua dukani safari hii, na yeye nikaenda naye. Alinivalisha, akaitikisa huku na huku, akaikataa. Ya pili akaikataa. Ya tatu ilinibana mashavu mpaka midomo ikachomoza kama ya samaki, akafurahi, akasema ndiyo hiyo. Imenikaa, na ndani yake haingii kitu kingine. Kwa hivyo kofia yako baki nayo. Nitaivaa nikirudi.

Nami nina sharti langu. Mwaka huu siji, na macho yako hayawezi kuningoja. Nyuma ya ukuta wako yuko mtu mwenye mikono miwili. Mimi nimemwendea mgeni na utepe. Wewe mwendee Bi Mwatum.

Anuar

Jang'ombe, 2 Novemba 2025

Mwanangu Anuar,

Marahaba. Utaona mistari imenyooka, na rula iko kabatini kwa paka.

Barua yako ilinikaa kifuani wiki nzima. Nilikwambia uende kwa mtu ukaenda, nami nikawa sina pa kujificha. Jumatatu, baada ya alasiri, nikapapasa ukuta mpaka kwenye mlango wake. Nikapiga hodi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakapotea yote.

"Mwatum, nna haja ya mkono wako."

Akasema, "Hebu ngoja nivae buibui."

Hayo tu. Hakuuliza wapi. Njiani akaniambia nyama ya Idd ilikuwa na chumvi haba. Alijua siku nyingi kwamba sioni. Aliyaona macho yangu kwenye viua kabla sijayajua mwenyewe, na alimwambia mwenye duka ili asinipe kazi ya rangi nyeusi usiku. Ndivyo anavyosema yeye. Nimeamua kuamini nusu.

Nimetolewa mtoto wa jicho la kulia, la kushoto ni baada ya mwezi. Alinishika mkono kwenda na kurudi, akalala chini kando ya kitanda changu, akanitia matone, ananifinya kope kama anaandaa dagaa. Kitambaa kilipofunguliwa kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wake. Amezeeka. Nikamwambia, naye akaniambia nijitazame kwanza.

Nimezitoa kofia nilizoshona mwaka huu nikaziweka juani. Zinakwenda upogo, Anuar, tena vibaya. Zote nitazifumua. Na hili Mwatum asilisikie maadamu niko hai.

Kisha nikaitoa picha yako. Nilikuwa nimeichomeka kwenye fremu ya kioo, na kila asubuhi nilikuwa nawaamkia nyote wawili, wewe na yule mwenzako wa kofia nyeupe. Nilikuwa nikimwombea dua. Nikilala nilikuwa najiambia, angalau yupo yule.

Ni helmeti. Iko juu ya kiti cha pikipiki, na ukuta wa bweni nyuma yake, na hakuna mtu mwengine mpaka mwisho wa karatasi. Na wewe umekonda, mashavu yameingia ndani, shati limekuwa la mtu mwengine. Nami nilikuandikia kwamba umenawiri, nawe ukaninyamazia, ukaniacha na furaha yangu.

Picha hiyo nimeigeuza uso kwenye kioo. Nitumie nyengine. Rafiqul asimame pale ilipokuwa helmeti.

Shangazi yako,
Thuwaiba